Kesi ya Mama Si ya Mahakamani

NENO "kesi" halina sifa njema katika nyumba zetu. Mtu akisema ana kesi, jirani huuliza kwanza amegombana na nani, kisha huuliza atafika mahakamani lini. Ndiyo maana mama msema Kiswahili aliyehamia katika mji fulani wa Marekani hushituka pale karani wa ofisi ya msaada wa chakula anapomwuliza kwa simu: namba yako ya kesi ni ipi?

Tumchukue mama wa namna hiyo kuwa mfano. Alizaliwa Kivu, akakaa miaka mingi Nyarugusu, mkoani Kigoma, katika ile kambi iliyofunguliwa mwaka 1996, kisha akapelekwa ng'ambo pamoja na jamaa yake kuanza maisha mapya. Sasa amekwisha pata hati ya ukazi wa kudumu. Hufanya kazi ya usafi usiku, ana watoto wanne, na kwa kuwa ujira wake hautoshi, serikali humwongezea fedha za chakula kila mwezi. Mwezi huu fedha hizo hazikuingia. Binti yake mwenye umri wa miaka 12 ndiye aliyeshika simu na kutafsiri.

"Mama, wanataka namba ya kesi."

"Waambie mimi sina kesi na mtu, mwanangu."

Kumbe anayo, na kesi yenyewe haina mshitaki wala hakimu. Katika ofisi za ustawi wa jamii za Marekani neno hilo maana yake ni jalada: mkusanyiko wa habari zote za kaya moja, yaani nani anaishi humo, nani ana kazi, kodi ya nyumba ni kiasi gani, na msaada umeidhinishwa mpaka lini. Msomaji aliyewahi kufuatilia kiwanja, au mafao ya marehemu baba yake, anaijua masijala, na anajua uzito wa maneno "jalada lako halionekani". Namba ya kesi ndiyo namba ya jalada hilo. Asipoitaja, karani hulazimika kutafuta kwa jina, na majina yetu, yanayoandikwa leo kwa herufi hizi na kesho kwa zile, hayatafutiki kwa urahisi.

Tumeona vema jambo hili lielezwe katika kurasa za familia kwa sababu nyumba nyingi za hapa zina ndugu huko, na simu ya usiku kutoka ng'ambo si mara zote huwa ya salamu. Mara nyingine ni ya kuomba shauri juu ya barua ambayo hakuna aliyeielewa.

Stempu za zamani

Msaada wenyewe si wa jana. Ulianza kwa majaribio mjini Rochester, jimbo la New York, mwezi Mei 1939. Wakati huo watu wenye shida walinunua stempu za rangi ya machungwa, na kwa kila dola moja waliyotoa wakapewa bure stempu za buluu za senti 50, za kununulia mazao yaliyozidi sokoni. Mpango huo ulisimama mwaka 1943. Rais Kennedy aliufufua kwa majaribio mwaka 1961, na Rais Johnson akatia sahihi sheria yake tarehe 31 Agosti 1964. Tangu Oktoba 2008 unaitwa SNAP. Fedha hutoka serikali ya shirikisho kupitia Wizara ya Kilimo, lakini majalada hutunzwa na majimbo, na kila jimbo lina mtindo wake. Katika mwaka wa fedha wa 2024 mpango huo ulihudumia zaidi ya watu milioni 41 kwa mwezi.

Katika zama za stempu mtu alishika kijitabu cha karatasi, akakata, akalipa. Ilipofika mwaka 2004 majimbo yote yalikuwa yamehamia kwenye kadi ya plastiki iitwayo EBT, ambayo huchanjwa dukani na kufunguliwa kwa namba ya siri. Kadi imewaondolea watu aibu ya kuhesabu stempu mbele ya foleni, na hilo ni jambo jema. Lakini imeleta namba nyingi mahali ambapo zamani palikuwa na karatasi.

Kadi si jalada

Mama wetu alipoulizwa mara ya pili, alitoa kadi mkobani na binti akaanza kusoma tarakimu zilizo mbele yake. Karani akamkatiza. Ni kosa la kawaida kabisa. Namba ile, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 16, ni ya kadi tu. Kadi ikipotea na nyingine ikatolewa, namba hubadilika, ilhali jalada hubaki lile lile. Hata simu iliyoandikwa nyuma ya kadi haitamsaidia sana: wanaoipokea hueleza salio, hubadili namba ya siri na kuifunga kadi iliyoibiwa, lakini kwa kawaida mambo ya jalada si kazi yao.

Aidha, ipo namba anayopewa mtu akimaliza kujaza maombi kwa kompyuta. Hiyo ni kama risiti ya kupokelewa fomu. Katika jimbo la New York kila mtu ndani ya kaya ana namba yake mwenyewe, mbali na ile ya kesi. Texas nako kuna namba ya kesi na namba nyingine ya kundi la watu wanaopata msaada huo pamoja. Ukijumlisha na namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo kila mfanyakazi anayo, utaona kwamba mtu aliyezoea kadi moja ya mgao kambini ana haki ya kuchanganyikiwa.

Basi namba ya kesi hupatikana wapi? Mahali pa kwanza ni barua. Ofisi hutakiwa kutoa uamuzi wa maombi katika siku 30, au siku 7 kwa wenye dhiki kubwa, na uamuzi huo lazima uelezwe kwa maandishi, uwe wa kukubali au wa kukataa. Kwa kawaida namba imeandikwa upande wa juu wa barua, karibu na jina na tarehe. Huwa pia katika barua za kudai vielelezo na zile za kukumbusha kwamba muda wa msaada unakaribia kwisha. Shida ni kwamba sanduku la barua la huko hujaa matangazo ya maduka, yenye picha za kuvutia kuliko bahasha ya serikali, na katika nyumba yenye haraka vyote hutupwa pamoja. Nisingemlaumu mtu aliyetoka kazini alfajiri.

Barua ikikosekana, upo mtandao wa jimbo: BenefitsCal kwa California, MI Bridges kwa Michigan, COMPASS kwa Pennsylvania. Aliyekwisha kufungua akaunti huikuta namba yake humo, pamoja na nakala za barua. Walakini mara nyingine anayefungua akaunti kwa mara ya kwanza hutakiwa aunganishe jalada lake kwa kutaja namba ile ile anayoitafuta, na hapo hujikuta anazunguka kama ng'ombe wa kinu cha mafuta.

Njia iliyobaki ni kuzungumza na ofisi yenyewe, kwa simu au kwa miguu. Mhusika hutaja jina kamili kama lilivyo katika hati zake, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na namba ya Hifadhi ya Jamii, kisha karani humtafutia. Na hapa lipo jambo ambalo ndugu zetu wengi hawaambiwi. Mteja asiyejua Kiingereza ana haki ya kupewa mkalimani bila malipo, na Kiswahili kimo katika lugha zinazotafsiriwa kwa simu. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Inatosha kutaja neno "Swahili" na kungoja. Mtoto wa miaka 12 hana sababu ya kujua deni la kodi ya nyumba ya mama yake, wala ya kubebeshwa kosa la tafsiri litakalowakosesha chakula.

Tarakimu ya mwisho

Kuna majimbo ambapo namba hiyo huamua hata siku ya kula. California hugawa fedha katika siku kumi za kwanza za mwezi kwa kufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya kesi: inayoishia na 1 hupata tarehe 1, inayoishia na 2 hupata tarehe 2, na inayoishia na 0 hungoja mpaka tarehe 10. Familia isiyojua hilo humwona jirani akirudi na vikapu, ikadhani imenyimwa.

Kwa wakimbizi jambo limekuwa zito zaidi. Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika orodha ya wanaostahili SNAP, mpaka wapate ukazi wa kudumu. Lakini haki ya mtoto aliyezaliwa huko, ambaye ni raia, haipotei kwa sababu ya hati za wazazi wake. Hivyo katika jalada moja anaweza kuwamo mtoto anayestahili na baba asiyestahili. Siku baba huyo apatapo hati yake, ni lazima ofisi iarifiwe, na habari iingie katika jalada linalohusika.

Nao wezi hawakulala. Hutuma ujumbe kwa simu wakidai kwamba kadi imefungwa, na kumtaka mtu ataje namba ya kadi na namba ya siri. Hakuna ofisi inayouliza namba ya siri. Tahadhari hii ina uzito zaidi sasa, kwani utaratibu wa kurudisha kwa fedha za shirikisho msaada ulioibwa kutoka kwenye kadi ulikoma kwa wizi uliotokea baada ya tarehe 20 Desemba 2024.

Mtu asiporidhika na uamuzi ana siku 90 za kudai shauri lake lisikilizwe. Hapo "kesi" hukaribia maana yake ya kwetu, maana yupo wa kusikiliza pande zote mbili, na hapo pia namba huulizwa mlangoni.

Turudi kwa mama wetu. Bahasha ilionekana chini ya sanduku la nguo, haijafunguliwa. Ilimwita kwa mahojiano ya kuendeleza msaada wake, na siku yenyewe ilikuwa imepita. Hata hivyo hazikuwa zimetimia siku 30 tangu muda wa msaada ulipokwisha, na ndani ya siku hizo jalada laweza kufunguliwa tena bila ya kujaza maombi mapya, ingawa fedha za siku zilizopita hazirudi. Walipiga simu tena, safari hii wakiomba mkalimani. Mama alisoma mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa Kiswahili. Alipomaliza alichukua kalamu ya wino akaiandika namba ile ndani ya mlango wa kabati la vyombo, juu kidogo, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki.