Jumba la maonyesho haliwezi kuishi kwa harusi pekee

NEW SITE, Juba – Kijana wa mtaa huu anayetaka kucheka Alhamisi jioni hupanda bodaboda hadi Nyakuron. Huko ndiko Kilkilu Ana, onyesho la vichekesho ambalo jina lake kwa Kiarabu cha Juba lina maana ya "nitekenye", lilikojipatia watazamaji wake. Wachekeshaji wa makabila tofauti hupokezana kipaza sauti mbele ya watu waliogawanywa na vita vya 2013 na 2016.

Kituo cha Utamaduni cha Nyakuron kilijengwa miaka ya 1970, enzi za serikali ya kanda iliyozaliwa na Mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Leo hutumika pia kwa harusi, mikutano na matamasha ya muziki. Hapo ndipo penye tatizo.

Harusi hulipa kwa siku moja na kuondoka. Tamthilia huhitaji wiki kadhaa za mazoezi kabla ya kuuza hata tiketi moja, na muda wote huo taa zinataka umeme na mlinzi anataka mshahara. Meneja anayetakiwa kujitegemea kimapato atamfungulia mlango bwana harusi kwanza.

Vipaji havijakosekana. Mei 2012, kabla taifa halijatimiza mwaka, Kampuni ya Tamthilia ya Sudan Kusini ilicheza Cymbeline ya Shakespeare katika jukwaa la Globe, London, kwa Kiarabu cha Juba, tafsiri ya Joseph Abuk. Tamasha hilohilo lilikuwa na mchezo wa Kiswahili kutoka Kenya. Tangu 2016, wasanii wa Anataban, yaani "nimechoka", wamepeleka maigizo ya amani barabarani na sokoni.

Majirani wamepitia njia hiyo. Jumba la Taifa la Maonyesho la Kenya, lililofunguliwa 1952, lilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2015. Viti vipya na taa mpya ni hatua, lakini kundi changa bado linapaswa kutafuta kodi ya ukumbi. Lile la Kampala, la 1959, linakumbusha gharama nyingine: mkurugenzi wake wa sanaa, Byron Kawadwa, aliuawa 1977 chini ya utawala wa Idi Amin.

Mbali zaidi, mjini Bristol, Uingereza, jumba lililofunguliwa 1766 lingali linacheza. Lilipowekwa sokoni wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wenyeji walichanga fedha kuliokoa. Mafundi wamehifadhi hata mifereji ya mbao iliyo juu ya dari, ambamo mipira ya chuma huviringishwa ili watazamaji wasikie radi. Lakini kilicholiokoa si mbao hizo. Ni wenyeji waliotaka liendelee kucheza.

Juba inaweza kuanzia hapo bila kusubiri mfadhili wa kubomoa na kujenga upya: siku maalumu za mazoezi kila wiki zisizouzwa kwa harusi, kodi nafuu kwa makundi ya nchini, na sehemu ya mapato ya sherehe itengwe kwa ajili ya paa na nyaya. Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mengi yalisemwa kuhusu malori na ushuru wa mipakani. Mchezo wa kuigiza nao huvuka mpaka, ila unahitaji mahali pa kufanyia mazoezi kwanza.