Kikombe cha Maziwa Luberizi

Luberizi, Kivu Kusini, iko kwenye barabara ya taifa namba 5 ya Kongo, mbele ya Sange ukitokea Uvira kwenda Bukavu. Pale wanaishi Wafuliiru wanaolima mahindi, muhogo na mpunga, Warundi wa bonde la Ruzizi, na Wanyamulenge ambao wengi wana ndugu na ng'ombe kule juu milimani. Asubuhi maziwa huingia sokoni kwa bidoni za njano, mengine kichwani, mengine kwenye pikipiki, na muuzaji huyapima kwa kikombe. Wanunuzi ni akina mama wenye watoto, wenye vihoteli, na siku hizi vijana wanaonyanyua vyuma: bomba lenye simenti iliyogandishwa ndani ya makopo huku na huku. Kijana wa namna hiyo ameambiwa kwamba maziwa yanajenga misuli, naye anataka kunywa mengi iwezekanavyo.

Ameambiwa kweli, ila nusu tu. Nusu ya pili wanaijua wafugaji.

Katika familia za wafugaji wa nchi hizi za Maziwa Makuu, maziwa ni chakula kamili. Hata salamu yenyewe inayabeba: "Amashyo!" ni kumtakia mwenzako makundi ya ng'ombe, naye anakujibu "Amashongore!" akikutakia majike. Kukamua ni kazi ya wanaume na vijana wao. Maziwa yakishavuka kizingiti, mwenye amri ni mama wa nyumba, na hakuna mwanamume anayejimiminia tu. Mtoto hupewa, mzazi aliyetoka kujifungua hupewa, mgeni hupewa, kisha wengine. Yanayobaki hugandishwa, na mengine husukwa kwenye kibuyu kikubwa kiitwacho igisabo ili kupata siagi.

Mtazame huyo mama akiandaa inkongoro, chombo cha mti cha kuwekea maziwa. Anakisugua ndani, anakisuuza, anakianika juani mpaka kikauke kabisa. Halafu anawasha majani yenye harufu nzuri, anayapunguza moto yabaki yanafuka, na kukifunika chombo kinywa chini juu ya moshi. Anakaa nacho hapo, akikigeuza kidogo kidogo. Moshi ule unapunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha ambayo aliyekulia nyumba ya ng'ombe huitambua hata akiwa mbali na kwao. Chombo kichafu kilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Upande wa Bushi, nchi ya Washi, huko Kabare na Walungu, nako wana maziwa yao ya kuganda, mashanza, na ng'ombe bado ni mahari. Kwa Wafuliiru pia watu huoa kwa ng'ombe. Ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya watu kunazuka ugomvi mkubwa, na bonde hili limeumia sana kwa mambo ya namna hiyo. Lakini hata hivyo mkulima hununua maziwa kwa mfugaji, na mfugaji hununua unga kwa mkulima. Naliona hilo kuwa jambo la thamani kuliko mikutano mingi ya amani.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kikombe cha mililita 250 kina protini gramu 8 hivi. Wataalamu wa mazoezi hukadiria kwamba anayenyanyua vyuma hutosheka na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 70 anahitaji basi gramu 112. Akitaka kuzipata kwa maziwa peke yake, atakunywa karibu lita tatu na nusu kila siku. Marekani wako waliofanya hivyo, galoni nzima kwa siku, na wengi walipata kitambi pamoja na misuli. Hapa kwetu ng'ombe wa kienyeji hutoa lita mbili, tatu kwa siku. Kijana mmoja angemmaliza ng'ombe mzima, na watoto wa nyumba hiyo wangelala bila kitu. Mila ya kugawa maziwa haikuwekwa na watu wasiojua thamani yake.

Vikombe viwili vinamtosha. Protini iliyobaki iko kwenye maharage, ambayo gramu 100 zake zikiwa kavu zina protini zaidi ya gramu 20, na kwenye ndagala wakavu wa Ziwa Tanganyika, ambao wanayazidi maharage kwa mbali. Bugali utampa nguvu ya kunyanyua. Na kama tumbo linanguruma kila akinywa maziwa yasiyoganda, ajue kwamba watu wengi hupoteza wakiwa wakubwa uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Afrika Mashariki wamerithi mabadiliko ya kijeni yanayoutunza uwezo huo. Asiyeurithi anywe ya kuganda, maana sukari yake imepungua.

Katika jambo moja naachana na wazee. Wengi waliamini kwamba kuchemsha maziwa kunamdhuru ng'ombe aliyeyatoa. Mwiko huo umepitwa na wakati: maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na moshi wa inkongoro hautoshi kuviua vijidudu hivyo.

Tukirudi kwenye kipimo, Kivu ina ushahidi wa zamani kuhusu maziwa na mwili. Hospitali ya watoto ya Lwiro, kaskazini ya Bukavu, ilijulikana kwa kutibu watoto wa kwashakoo, na hadi leo mtoto aliyedhoofika sana huanzishiwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75, kisha F-100 yenye nguvu zaidi mwili ukishatulia. Hata kwa mgonjwa hayamwagwi yote kwa mara moja.

Kijana unayenyanyua vyuma Luberizi, chemsha maziwa yako, kula maharage, na kabla hujaongeza kikombe cha tatu, uliza kama mdogo wako amepata cha kwanza.