KIHARUSI KIKIMPATA KIJANA

Watu wengi vijijini kwetu hudhani kiharusi ni ugonjwa wa wazee. Siyo kweli. Humpata hata mtu wa miaka 30 au 40, mwenye watoto wadogo na shamba la tumbaku. Mzee akipooza, wanawe wakubwa humtunza. Je, baba wa miaka 38 akipooza, nani atalima? Nani atalipa deni la mbolea kwenye chama cha msingi? Mama naye akipooza, nani atachota maji?

Kwanza tujue kiharusi ni nini. Ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hupata chakula na hewa kwa njia ya damu. Mshipa wa damu ukiziba au ukipasuka, sehemu ya ubongo hufa. Ubongo wa upande wa kushoto huongoza mwili upande wa kulia. Kwa hiyo ubongo ukiumia kushoto, mkono na mguu wa kulia hulegea, na mara nyingi maneno hupotea. Basi siyo upepo mbaya, wala mtu hakurogwa. Wapo wanaomzungusha mgonjwa kwa waganga mpaka mbuzi wanakwisha zizini, ndipo wanamfikisha hospitali. Ukiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anasema haumwi.

Kati ya mwaka 2003 na 2006 wataalamu waliwafuatilia watu waliopata kiharusi wilayani Hai na Dar es Salaam. Waliona kwamba presha, uvutaji wa sigara na virusi vya UKIMWI huongeza hatari. Vijana wengine hupata kiharusi kwa sababu ya ugonjwa wa selimundu au wa moyo. Presha ndiyo adui mkubwa, maana haina kelele. Mtu analima nayo miaka mingi bila kujua.

Aliyekwisha kupata kiharusi anaweza kukipata tena. Hapa kusoma kunatusaidia. Katika kadi ya kliniki huandikwa namba mbili, moja juu ya nyingine, kwa mfano 150/95. Kama namba ya juu inafika 140 au kupita, au ya chini inafika 90 au kupita, kila mara anapopimwa, presha hiyo ni kubwa. Soma kadi ya mgonjwa wako na umwulize mganga wa zahanati. Dawa za presha humezwa kila siku. Wengi huziacha wakijisikia vizuri, nalo ni kosa kubwa, maana wanajisikia vizuri kwa sababu ya dawa zile zile.

Nyumbani kuna kazi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda mgongoni. Usimwinue kwa kuvuta mkono uliolegea, bega litateguka. Wakati wa kula akae wima. Akipaliwa na maji, mwambieni mganga mapema, kwa sababu chakula kinaweza kuingia mapafuni. Mkono na mguu vinyooshwe kila siku, taratibu. Na asifanyiwe kila kitu. Avae shati mwenyewe, hata kama anachukua nusu saa.

Asiyeweza kusema siyo mjinga. Mara nyingi anaelewa, ila maneno yamemkimbia. Msimwandikie barua mkidhani atasoma, maana kusoma nako huweza kupotea pamoja na kusema. Mwulizeni swali moja moja, la kujibiwa ndiyo au siyo kwa kichwa. Mwonyesheni kikombe, jembe, picha. Mpeni nafasi ya kujibu. Tumeona watu wakizungumza juu ya shamba la mtu naye amekaa pale pale, kama vile ni kigoda!

Huku Unyamwezini nguvu za mtu zimepimwa kwa mzigo tangu siku za wapagazi wa misafara. Kwa hiyo kijana aliyepooza hujiona si mtu tena. Hulia, hukasirika upesi, hukataa kula. Wakati mwingine ubongo ulioumia ndio unaoleta hali hiyo, si ukorofi. Mke au mume naye huchoka. Ndugu wa ukoo wapokezane, wasimwachie mtu mmoja.

Na kazi je? Aliyekuwa akipanda mtini kurina asali asipande tena. Lakini mzinga wa kisasa huweza kuwekwa chini juu ya kichanja, akaukagua pamoja na mwenzake. Aliyekuwa akikata kuni za bani anaweza kukaa kivulini akipanga majani ya tumbaku kwa madaraja kwa mkono mmoja, au akatunza hesabu za kikundi. Deni la pembejeo lizungumzwe na viongozi wa chama mapema, kabla ya masoko kufunguliwa.

Tena, aliyebaki na ulemavu baada ya kiharusi anahesabiwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamhusu. Katika mikopo isiyo na riba ya halmashauri, asilimia 2 ya mapato ya ndani imetengwa kwa watu wenye ulemavu. Aende, au apelekwe kwa baiskeli, kwa mtendaji wa kijiji, na kadi yake ya hospitali mkononi, akaulize kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.