Kinywaji cha Katani au Kinywaji chenye Bangi?

Mfasiri mmoja ametuletea rasimu ya tafsiri ya maelezo yaliyopigwa chapa kwenye kopo la kinywaji kutoka Marekani. Neno la Kiingereza "hemp" amelifasiri kuwa katani, na kopo zima likawa "kinywaji cha katani". Kosa hili linaeleweka, maana neno katani limepata kutumika kwa nyuzi za namna nyingi. Lakini kwa msomaji wa Tanga, katani ni nyuzi za mkonge. Hatatambua kamwe kwamba kopo hilo lina kitu kinacholevya, tena kitu ambacho sheria ya nchi yetu inakikataza.

Biashara ya vinywaji hivi imekua haraka. Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na mwaka mmoja baadaye ikaruhusu vyakula na vinywaji vyenye bangi, kila kifurushi kisizidi miligramu 10 za THC, yaani tetrahidrokanabinoli, ambayo ndiyo ilevyayo. Nchini Marekani, jimbo la Minnesota liliruhusu miligramu 5 kwa kila kipimo cha mnywaji kuanzia tarehe 1 Julai 2022, na vinywaji hivyo vikaanza kuuzwa hata katika maduka ya pombe.

Utata wa jina unatokana na sheria ya Marekani ya mwaka 2018. Sheria hiyo iliita "hemp" bangi yoyote ambayo THC yake haizidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu. Kipimo hicho chafaa shambani, koponi hakifai. Kopo la mililita 355 lenye miligramu 10 za THC halifikii hata asilimia 0.003, na hali mnywaji aweza kulewa. Ndiyo sababu sheria nyingine, iliyotiwa saini tarehe 12 Novemba 2025, iliweka kikomo cha miligramu 0.4 kwa chombo kizima, na ikapanga kianze kutumika baada ya mwaka mmoja. Basi "hemp" katika makopo haya ni jina la kisheria tu. Halimwelezi mnywaji litakalompata.

Je, tuseme "kinywaji cha bangi"? Neno bangi lilitufikia kutoka Bara Hindi, na huko majani yake husagwa na kuchanganywa na maziwa, hasa wakati wa sikukuu ya Holi. Hicho ndicho kinywaji cha bangi hasa. Kinywaji cha kiwandani hakina majani: hutiwa kiini kilichokamuliwa kutoka katika mmea, nacho kwa kuwa ni cha mafuta na hakichanganyiki na maji, huvunjwavunjwa kuwa vitone vidogo mno.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Katani: libaki kwa nyuzi za mkonge.

(b) Bangi ya nyuzi: mmea wa bangi uliopandwa kwa ajili ya nyuzi au mbegu. Istilahi hii isitumiwe kwa kinywaji.

(c) Kinywaji chenye kiini cha bangi: kinywaji chochote cha kiwandani cha aina hii. Neno kileo liepukwe, kwa kuwa wengi hulielewa kuwa pombe, na makopo mengi ya aina hii hayana pombe.

(d) THC na kanabidioli: yatajwe kila moja kwa jina lake pamoja na miligramu zake, kwani kanabidioli hailevyi.

Mapendekezo haya hayajasanifiwa. Twawaomba walimu na wafasiri watuletee maoni yao. Hata hivyo, tukiwa bado tunajadiliana, mfasiri akumbuke kwamba karani wa forodha na mzazi mwenye mtoto nyumbani watalitegemea neno atakaloliandika. Neno likificha kilichomo koponi, hatujafasiri.