Bei ya maji wakati wa uhaba: mita inahesabu maji, haihesabu watu



Kila ukame ukitokea nyumbani, sisi tulioko ughaibuni tuna ushauri uleule: pandisheni bei ya maji, watu watajifunza kubana matumizi. Si uongo kabisa. Dalhuisen na wenzake, waliokusanya tafiti nyingi mwaka 2003, walipata kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi ya majumbani hushuka kwa wastani wa asilimia 4 hivi. Mimi nauliza: nani anayepunguza, na anapunguza nini?

Naishi Coon Rapids, kaskazini ya Minneapolis. Mto Mississippi unapita ubavuni mwa mji, lakini maji yetu ya bomba yanatoka visimani. Mwaka 2008 bunge la Minnesota lilitunga sheria ya kuzitaka mamlaka za maji zinazohudumia watu zaidi ya 1,000 ziweke bei inayohimiza kubana matumizi. Zile za eneo la Minneapolis na Saint Paul zilipewa hadi mwanzoni mwa 2010. Njia iliyoenea ni bei ya ngazi: galoni za mwanzo ni rahisi, ukipita kiwango fulani kila galoni inayozidi inapanda bei.

Anayewindwa hapa ni ukoka. Futi za mraba 1,000 za ukoka, ukizinyeshea inchi moja tu, zinameza galoni 623, yaani lita 2,360 hivi. Na wapo wanaonyeshea kila wiki, majani ambayo hayaliwi na mbuzi wala ng'ombe! Ndiyo maana Agosti 2021, ukame ulipozidi, Idara ya Maliasili ya jimbo ilizitaka mamlaka za maji zishushe matumizi yasizidi yale ya Januari kwa zaidi ya asilimia 25. Kwa nini Januari? Kwa sababu uwanja umefunikwa na theluji. Maji ya mwezi huo ni ya kupika, kuoga, kufua na chooni. Kinachozidi hapo wakati wa joto, kwa sehemu kubwa kinamwagwa nje.

Sasa tupige hesabu, kwa kiwango nilichokibuni mwenyewe. Tuseme ngazi ya chini inaishia galoni 8,000 kwa mwezi. Nyumba moja ina watu wanane: baba, mama, watoto wanne, bibi, na shemeji aliyewasili juzi. Kila mmoja anatumia galoni 45 kwa siku, matumizi ya watu waangalifu kwa viwango vya hapa. Jumla ni galoni 10,800, na ukoka wao hawajaugusa. Jirani ni wazee wawili wastaafu. Kila mmoja anatumia 60, jumla 3,600 kwa mwezi, na galoni 4,000 nyingine wanamwagia majani. Jumla 7,600. Wazee wale, ambao zaidi ya nusu ya maji yao yamekwenda uwanjani, hawafiki hata ngazi ya pili. Wanaolipa bei ya ufujaji ni wale wanane. Familia za namna hiyo hapa ni za nani? Si ndizo zetu, Wasomali, Wakenya, Wakongo, na za Wahmong pia.

Dawa ipo, tena haihitaji mtambo mpya. Miji mingi ya hapa tayari hutumia kipimo cha majira ya baridi kukadiria ada ya maji taka ya kila nyumba. Basi kipimo hichohicho kiwe ngazi ya kwanza ya nyumba hiyo, na bei kali ianzie pale inapoachana na Januari yake yenyewe.

Nyumbani mambo yanakuwa magumu zaidi. Manzese au Tandale nyumba ya kupanga inaweza kuwa na familia sita na mita moja. Wakijumlishwa wanafika ngazi ya juu kabla mwezi haujafika katikati, huku mwenye bangaloo na mita yake peke yake akibaki chini. Si nadharia tu: utafiti wa David Fuente na wenzake kuhusu Nairobi, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba ruzuku iliyomo ndani ya bei ya maji iliwafikia wenye kipato kikubwa kuliko maskini.

Halafu kuna mgao. Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua, uzalishaji wa maji Dar es Salaam ulishuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi 300. Bomba likikauka, bei iliyoandikwa kwenye bili haina kazi, bei halisi ni ya dumu. Dumu la lita 20 likiuzwa shilingi 500, uniti moja, yaani madumu 50, ni shilingi 25,000. Mtu anayenunua hivyo tayari anabana mpaka basi. Utamwambia apunguze nini, maji ya kunawa?

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika ripoti za ushauri, kabla ya kupendekeza bei ya ngazi ulizeni kwanza mita moja inahudumia familia ngapi. Pia fungueni ripoti za WASREB za Kenya: kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi. Mengine yanavuja njiani, mengine yanaibwa, na bei hata ipande mara tatu haiwagusi wanaoyachukua.