Ramli

Ramli (kutoka Kiarabu رمل, raml, yaani "mchanga") ni njia ya uaguzi inayotumia nukta zinazochorwa kwa kubahatisha juu ya mchanga, ubao au karatasi. Kufanya hivyo huitwa kupiga ramli au kupiga bao.

Namna yake

Mpiga ramli huchora mistari 16 ya nukta bila kuzihesabu. Kisha hukagua kila mstari: idadi ikiwa witiri huandika nukta moja, ikiwa shufwa huandika mbili. Kila mistari minne hufanya umbo moja, na maumbo yanayowezekana ni 16 tu. Maumbo manne ya kwanza huitwa "mama". Kwao hutolewa "mabinti" wanne, halafu yote nane huunganishwa mawili mawili hadi libaki moja, "hakimu". Jumla ya nukta za hakimu lazima iwe shufwa. Ikiwa witiri, mpigaji amekosea hesabu.

Kuenea

Elimu hiyo ilikuzwa na Waarabu, ingawa wanazuoni wengi wa Kiislamu huikataza. Katika karne ya 12 Hugo wa Santalla aliitafsiri kwa Kilatini huko Hispania. Tangu hapo iliingia katika uganga wa Ulaya, na chama cha siri cha Golden Dawn, kilichoanzishwa London mwaka 1888, kiliwafundisha wanachama wake maumbo yaleyale 16, yenye majina kama Njia, Furaha, Huzuni na Gereza. Huko Madagaska ndugu yake ramli huitwa sikidy.

Tanzania

Waganga na pepo wa pwani wanaelezwa katika kitabu cha Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo kuhusu desturi za Waswahili, kilichotolewa mwaka 1903. Leo, kuanzia mjini Bagamoyo hadi Msata kwenye nchi ya Wakwere, na kote nchini, "kupiga ramli" humaanisha uaguzi wowote, hata usio na mchanga wala hesabu.

Inayoogopwa zaidi ni "ramli chonganishi", ambapo mganga humtaja jirani au ndugu kuwa mchawi. Katika maumbo 16 hakuna linalotaja jirani. Jina hilo huongezwa na mpigaji. Waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo wengi wao ni wanawake wazee. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino.