Kijana na Lugha ya Ugenini

Wazazi wengi hutujia na shauri moja. Kijana wao amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, Cairo au Madina, Istanbul au Kuala Lumpur, nao wachelea mambo mawili: asije akakaa huko miaka minne akarudi na cheti bila ya lugha; na asije akaingiliana mno na wenyeji akasahau kwao. Hofu hizi mbili zavutana, na mzazi asipoangalia, dawa ya ile ya pili ndiyo itakayoleta balaa ya ile ya kwanza. Akimwambia mwanawe, "Usikae ila na wenzio wa kwetu," amekwisha kumfungia mlango wa lugha.

Mtume s.a.w. alipomtaka Zayd bin Thabit r.a. ajifunze maandishi ya Mayahudi, Zayd, kwa riwaya ya Tirmidhi, aliyamudu kwa muda wa nusu ya mwezi. Vijana hupenda kuitaja hadithi hii kwa ajili ya ule upesi wake. Sisi hututazamisha jambo jingine: wenye maandishi yale walikuwa majirani zao pale pale Madina.

Mwangalieni na Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973. Alipoanza kuzichunguza elimu za Bara Hindi alikuwa mtu mzima, mwanachuoni mwenye jina kubwa. Juu ya hayo alikaa mbele ya wanafalaki wa Kihindi kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Katika kitabu chake juu ya nchi ile, alichokitimiza yapata mwaka 1030, aeleza jinsi Kisanskriti kilivyomtaabisha: kitu kimoja kina majina mengi, neno moja lina maana nyingi, na sauti zake nyingine hazimkubali mtu aliyelelewa kwa lugha nyingine. Aliandika maneno kama alivyoyasikia vinywani mwa wenyewe, akajitahidi kuyasahihisha, na alipowarudishia hawakuyatambua ila kwa shida. Mjuzi wa nyota na hesabu akosolewa matamshi kama mtoto wa chuoni! Lakini kwa kuyavumilia hayo aliweza kukifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Patanjali.

Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alizipitia Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alitembea kupita al-Biruni kwa mbali. Hata hivyo, alipopewa ukadhi Delhi na Sultani Muhammad bin Tughluq, alitoa udhuru mwenyewe kwamba lugha ya watu wale haijui, akawekewa manaibu wawili. Hatumlaumu. Twataka ijulikane tu kwamba kufika si kujua.

Na Wajerumani nao walilifahamu hilo. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili walikuwa navyo, na bado mwaka 1900 walimpeleka Berlin Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa mrima wa Bagamoyo, ili wanafunzi wa chuo chao cha lugha za Mashariki wapate kuzungumza na mwenye lugha.

Sisi wenyewe tuliyaonja haya Cairo, katika miaka ya 1980. Tulikwenda na nahau yetu, tumeihifadhi Ajurrumiyya tangu utotoni, tukidhani Kiarabu twakijua. Siku ya kwanza tuliomba "khubz" dukani, mwenye duka akacheka, kwani Mmisri mkate huuita "eish", yaani maisha. Jimu yao ni ga, na qafu wameimeza ikawa hamza. Tukarudi chumbani tumeona haya, na mwezi mzima tukafanya kosa lile lile: tukajifungia na wenzetu wa pwani, tukapika wali, tukazungumza Kiswahili, tukawacheka Wamisri.

Aliyetutoa humo ni mwenye nyumba yetu, bibi mjane asiyejua kusoma. Mwanawe alikuwa kazini Kuwait, akimwandikia kila mwezi. Siku moja alituita, mjukuu wake akiwapo, tumsomee barua. Tukaisoma kwa irabu zake zote kama khatibu juu ya mimbari. Akasikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Wanangu, huyu siye mwanangu. Nisomeeni kama asemavyo yeye." Hatukuweza. Basi yakawa ndiyo mapatano: sisi twasoma, yeye ayarudia maneno kwa lugha ya nyumbani, nasi twamfuata. Tukikosea, alijipiga goti kwa kiganja, akangoja. Chai yake ilikuwa tamu kupita kiasi, wala hatukuthubutu kuikataa.

Mwezi wa nane ilikuja barua ambayo tuliisoma kwanza kwa macho, tukanyamaza. Mkataba umeongezwa, Idi hatakuja, wala mwaka ule wote. Hapana kitabu kilichopata kutufundisha namna ya kumwambia mama khabari kama ile. Tulimwambia polepole, kwa maneno yake mwenyewe, yale aliyotupa. Siku hiyo hakutukosoa neno.

Kijana wa leo ana mtihani ambao sisi hatukuwa nao. Simu iliyo mkononi mwake yamwezesha kuwa Istanbul kwa mwili na Mombasa kwa masikio, usiku kucha. Mzazi naye ana sehemu yake katika kosa hili. Apunguze kumpigia, amwachie nafasi ya kumtafuta jirani.

Ama ile hofu ya kusahau kwao, katika nyumba ile hatukuachwa tusahau. Kila jioni tuliulizwa: kwenu mwala nini, mwazikaje, mwaitaje mvua? Mjukuu yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Akitupigia, huamkia kwa "Shikamoo", kisha hutuuliza khabari za "bwani", kwani pe yetu ulimi wake umeikataa tangu siku zile.